Helikopta itakuja, sawa, itatua wapi?

SWALI: Niko kwenye timu ya kupima miti ndani kabisa ya msitu, barabara hakuna, tunaingia na helikopta. Juzi rubani katuachia magunia mawili ya vifaa na siti moja ilikuwa tupu kabisa, mi nikaona dharau tu. Halafu bosi anasema mtu akiumia tusihofu, helikopta itakuja. Na miti ilivyobanana hivi?

JIBU: Ndugu yangu, rubani msamehe bure. Helikopta haihesabu siti, inahesabu kilo, na hesabu yenyewe haitulii: mafuta yakiwa mengi mzigo unapungua, jua likiwaka au mkiwa juu mlimani hewa inakuwa nyepesi, mapanga yake yanayozunguka juu yanakosa cha kushika na injini nayo nguvu inashuka, ndio maana mzigo uliobebwa alfajiri unaweza kukataliwa saa nane mchana na mashine ni ileile. Pimeni kwa mizani bwana, lile gunia la "jepesi tu" ndilo huwa limejaa sampuli za udongo.

Sasa bosi wako. Kasema nusu. Kwenye miti haitui, labda ishushe kamba ya winchi, na kuning'inia hewani sehemu moja kunakula nguvu kuliko kusonga mbele, tena upepo wake unaangusha matawi makavu juu ya huyohuyo majeruhi. Ukungu ukitanda inaweza isije kabisa. Kwa hiyo siku ya kwanza kambini, kabla hata hamjafungua hema, tafuteni uwazi, iwe kingo ya mto au mwamba, mwandike nukta za jipiesi (GPS) za hapo na kila mtu awe nazo. Visiki vikatwe chini kabisa, maturubai yafungwe yasije yakarukia mapanga. Na machela muwe nayo, maana kumfikisha mgonjwa hapo ni miguu yenu.

Ikishatua msikimbilie, subirini rubani awape ishara, mwende kwa mbele anakowaona, mmeinama, mkia msiusogelee, na kama ni mteremko msitokee upande wa juu, huko mapanga yanakuwa karibu na vichwa.

Ah, na ishara: mikono yote miwili juu ni "tunahitaji msaada". Mmoja juu mmoja chini ni "hatuhitaji", kwa hiyo ukimpungia rubani mkono mmoja kwa furaha anaweza kugeuza akaondoka zake.