Kilatini bila mwalimu: jibu kwa kijana wa Kasulu

Majibu ya mtihani wa kujiunga na nyumba ya malezi ya wanaotaka upadre yametoka, na kwenye Kilatini nimefaulu vizuri tu. Tangu nitangaze habari hiyo, ujumbe haukauki. Kijana mmoja wa Kasulu ameandika: "Kaka, mimi sikupita seminari ndogo. Kilatini nitakipatia wapi?" Hata mimi sikupita hiyo sekondari ya wanaotazamia upadre, mdogo wangu, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa kirefu.

Nianze na linaloniuma. Siku niliyokwenda kuchukua fomu, aliyenipokea alipekua karatasi zangu, akaona shule ya serikali, akaona nauza nyavu Kibirizi, akacheka. "Wenzako wamekula Kilatini tangu kidato cha kwanza, wewe unaanzia wapi?" Nilimwamkia, nikatoka. Kicheko kile bado kinanikera, na siwezi kusema nimeshakisamehe chote.

Nilichofanya nilipofika nyumbani ni kuitafuta Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Kanuni ya 249 inataka waseminari wafundishwe Kilatini wakijue vizuri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, nao ulilisema hilo mwaka 1965, katika hati yake kuhusu malezi ya mapadre. Hakuna panaposema ni lazima uwe umekianzia seminari ndogo. Someni wenyewe, vijana, msingoje kusomewa.

Basi nikaanza. Nilikata makatoni ya nyavu, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito neno waridi na miisho yake: rosa, rosae, rosae, rosam, rosa. Nikayabandika nyuma ya mizani. Bibi mmoja wa Ujiji, aliyekuja kumnunulia mwanawe uzi wa kushonea nyavu, akayakodolea macho.

"Mwanangu, hizo hirizi?"

"Hapana bibi, ni Kilatini, lugha ya Kanisa."

"Sasa mbona unakisoma kimyakimya? Sisi chuoni, kwenye Kurani, tulisoma kwa sauti mpaka jirani naye akahifadhi."

Ushauri bora niliopata katika safari yote hii umetoka kwa bibi Mwislamu ambaye hajui Kilatini hata neno moja. Tangu siku ile nilisoma kwa sauti, wateja wakacheka wakachoka, na wavuvi wengine wakaanza kunisalimia kwa "rosa, rosae". Soma kwa sauti, ndugu yangu. Nasema tena, kwa sauti.

Sisi Waswahili tuna bahati. Irabu za Kilatini tunazitamka bila shida, na kwa matamshi ya Kanisa agnus ni "anyus", caelum ni "chelum". Kitenzi nacho hubeba mtendaji ndani yake kama chetu, ila mkiani: amo, amas, amat ni napenda, unapenda, anapenda. Sifa hufuata nomino yake kwa upatanisho, na mtu aliyelelewa na ngeli hawezi kuogopa hilo. Kigumu ni kesi, yaani mwisho wa nomino kubadilika kufuata kazi yake katika sentensi. Petrus Paulum videt na Paulum Petrus videt zote zina maana kwamba Petro anamwona Paulo, kwa sababu anayeonwa anatambulika kwa ule mwisho wa -um, popote alipokaa. Deklinesheni, yaani makundi ya nomino kwa jinsi miisho yake inavyobadilika, ziko tano. Mbili za kwanza nilizimaliza haraka. Ya tatu ilinitesa kipindi kizima cha mvua, sina la kusimulia zaidi ya kurudia na kurudia.

Ukishajua kidogo, fungua Injili ya Yohane katika Vulgata, Biblia ya Kilatini ya Mtakatifu Jeromu, na Biblia yako ya Kiswahili iwe pembeni. Sentensi zake ni fupi, na maana unaijua tayari. Zaburi zina mtego: hesabu ya Vulgata kwa sehemu kubwa iko nyuma kwa moja. Bwana ni mchungaji wangu, tunayoijua kama ya 23, kule ni ya 22.

Na vijana wenzangu, niwaambie ukweli ingawa mtanuna. Muda mnao. Bando la kuchungulia mikeka ya kubeti usiku kucha mnalo. Wito hauji na mwalimu wa nyumbani, na anayesema Mungu atamfungulia njia huku kitabu kina vumbi anamsingizia Mungu. Mimi nilisoma huku nahesabu nyavu, nawe shambani Kasulu huwezi kukosa nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Kurudia ndiyo dawa. Na kwa sauti, kama nilivyosema.

Kuhusu mtihani wenyewe: niliyojifunza kwenye sala, Pater Noster (Baba Yetu) na Salve Regina (Salamu Malkia), yalinisaidia sehemu ya kutafsiri. Ila vitenzi visivyofuata kanuni vilijaa kuliko nilivyotegemea: sum (ni), possum (naweza), eo (naenda), fero (nabeba). Hicho cha mwisho hubadilika mpaka hukitambui: fero, tuli, latum. Anza nacho mapema.