Jibu: Jiwe la zambarau na la manjano ni jamaa moja?

Dada, yule muuzaji wa Maasai Market aliyekuambia jiwe lako la zambarau na la manjano ni jamaa moja hajakudanganya. Mawe yako yote mawili ni kwatzi, yaani madini ya silikoni na oksijeni, na kinachoyapa rangi ni chuma.

Kwatzi safi haina rangi kabisa. Jiwe linapokua ardhini, chembe chache za chuma huchukua nafasi ya silikoni. Kisha mnururisho (mionzi) wa asili kutoka kwenye miamba jirani huzibadilisha chembe hizo kwa miaka mingi mno, na hapo ndipo zambarau ya amethisti, yaani kwatzi ya zambarau, huzaliwa. Ajabu kweli, maana chuma chenyewe ni kidogo sana!

Ukiichoma amethisti kwenye nyuzi 400 hadi 500 hivi za Selsiasi, mara nyingi hugeuka manjano au rangi ya chungwa. Sitrini (kwatzi ya manjano) nyingi za madukani zimetengenezwa hivyo. Lichungulie lako la manjano kwenye mwanga wa dirisha: kama ncha ina rangi ya chungwa iliyoiva na kitako ni cheupe, ningesema limepikwa. Sitrini ya asili huwa manjano hafifu.

Kwatzi nyekundu ni habari nyingine, rangi hiyo ni ya hematiti (madini ya chuma na oksijeni) iliyonaswa ndani.

Na tafadhali, usiianike amethisti juani, itapauka.