Kwa dada wa Soweto, Mbeya, anayeanza "matembezi ya ishara" Jumatatu: usianze

Mdogo wangu, usianze.

Nimesoma ulichoandika jana usiku. Mama ana sukari na sasa figo zimeanza kusumbua, kazi ya dukani Mwanjelwa imeisha, na kuna kikundi cha maombi kimekupa mpango wa siku 21: unatoka kila alfajiri, unatembea, unamwomba Mungu akuonyeshe ishara kwamba anakuona na anakupenda. Umeuliza njia ipi ni salama ukitokea Soweto, viatu gani, mbwa unawafanyaje, usome zaburi zipi. Halafu mwisho kabisa, kama jambo dogo, ukauliza: mama akizidiwa nikakosa siku moja, itabidi nianze upya? Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Hayo mengine watakujibu wenzangu. Mimi nataka hilo la mwisho.

Mpango huo naujua, niliupitia. Niliambiwa ninunue kaunta buku, nigawe kurasa kwa mistari: tarehe, ishara, maana yake. Nitoke kabla jua halijachomoza. Nisimsalimie mtu njiani wala nisiitikie salamu, eti neno la mtu linafunika sauti ya Mungu. Ndege akikatiza kutoka kulia, andika. Upinde wa mvua, andika. Bajaji imepita na maandishi ya kumsifu Bwana kwenye kioo, andika. Na unazijua bajaji zetu hapa Mbeya, kaunta buku ilijaa upesi. Siku ambayo sikuona kitu niliambiwa nitafute dhambi yangu iko wapi. Siku nikikosa kutoka, wenyewe walisema "mnyororo umekatika", unarudi mwanzo.

Sasa fikiria mtu anapita Mafiati alfajiri ya kipupwe, amejifunga kitenge mpaka masikioni, anakutana na bibi aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani. Bibi anasema "Ugonile", salamu ya Kinyakyusa, kwa sauti yote, na mtu huyo anakaza midomo na kupita. Nimewafanyia hivyo wanawake wa rika la mama yangu. Mmoja alisimama kabisa akageuka kuniangalia, mkungu kichwani, nadhani akitafuta kama ni mtoto wa mtu anayemfahamu, kama nina msiba. Yule bibi alikuwa ameniona. Mimi nilikuwa natazama angani kutafuta kunguru.

Lakini hilo si lililoniuma zaidi. Mama alilazwa. Usiku nilikuwa nalala chini kwenye kanga, pembeni ya kitanda chake, na kwa siku kadhaa nilikuwa sijatoka kutembea. Nikampigia kiongozi wetu simu kumweleza. Akanijibu kwamba hii ndiyo saa ya adui kukata mnyororo, hivyo nisikubali, kesho nitoke, kwa sababu uzima wa mama uko kwenye utii wangu. Hayo ndiyo maneno aliyoyatumia.

Alfajiri mama aliamka mapema, hana raha. Aliomba uji. Chupa ilikuwepo, shangazi alikuwa ameileta jioni. Nikaangalia saa. Nikamwambia, "Mama, narudi sasa hivi, nikirudi utakunywa." Akanishika kifundo cha mkono, akaniachia. Nikatoka getini nikashuka mpaka Mafiati. Sikuona kitu. Ukungu ulikuwa umeushika mlima Loleza hata minara ya juu haionekani, na ndege walikuwa kimya kwa baridi. Badala ya kurudi nikasema siwezi kurudi mikono mitupu, nikasonga mbele mpaka Kabwe, nikasimama pale huku malori ya Tunduma yakipita, nangoja Mungu aniambie kwamba anamwona mama yangu.

Niliporudi wodini nesi alikuwa ameshamfunika. Chupa ya uji ilikuwa haijafunguliwa.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kukosa siku moja ni vibaya, nakujibu kwa nguvu zangu zote: kosa siku hiyo. Kosa zote 21. Kaa na mama.

Na yule kiongozi alikuja msibani. Mimi nipo kwenye mkeka na kina mama, akainama, akaniambia kwa upole kabisa kwamba huenda kuna siku moja nyuma niliyokosa ambayo sikuitubia, na kwamba baada ya arobaini tuanze tena, safari hii pamoja na sadaka ya kuunganisha mnyororo. Nilibeba neno lile muda mrefu sana. Niliamini kwamba mama alikufa kwa ajili ya safu tupu kwenye kaunta buku. Sitamtaja mtu huyo, ila nasema wazi: mtu anayemwambia mfiwa neno kama hilo amemsingizia Mungu mbele ya jeneza. Anafundisha Mungu ambaye hakuoni mpaka umfuate barabarani ukamshtue. Mungu huyo simjui, na Biblia haimjui.

Watakupa habari ya Gideoni na ile ngozi ya kondoo aliyoianika akimwomba Mungu ishara, najua, kwa maana mimi walinipa. Soma Waamuzi 6 yote, usianzie mwisho. Gideoni alikuwa ameshatumwa na ameshaahidiwa kabla hajaanika ngozi yoyote, na mwenyewe aliomba asikasirikiwe kwa kuuliza tena. Ngozi ile inaonyesha uvumilivu wa Mungu kwa mtu mwenye hofu. Hakuna mahali Mungu aliposema nendeni mkafanye hivyo kila alfajiri. Na Bwana Yesu aliposhawishiwa ajirushe kutoka kinara cha hekalu ili ionekane kama kweli analindwa, alijibu, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Sikiliza vizuri: yule aliyemshawishi alikuwa ananukuu zaburi ya ulinzi. Maandiko mazuri kabisa, yamegeuzwa kuwa mtihani.

Kuna shomoro pia. Sote tunapenda kuimba kwamba Mungu anawaona shomoro. Rudi usome Mathayo 10:29 polepole. Yesu hasemi shomoro haanguki. Anasema haanguki hata mmoja pasipo Baba kujua. Shomoro anaanguka kweli. Mama yangu alianguka. Nilichofundishwa ni kwamba akianguka basi macho ya Mungu yalikuwa kwingine, na sababu ni mimi. Yesu anasema kinyume chake: palepale anapoangukia, Baba yupo. Nilikuwa Kabwe, mama hakuwa na mtoto wake pembeni, lakini hakuwa peke yake. Hilo ndilo lililonirudisha kanisani, na hata leo nikiliandika natetemeka kwa shukrani.

Mama mkubwa ndiye aliyenitoa kwenye shimo lile. Hakunihubiria. Alinipa mkoba wa mama, na ndani mlikuwa na kile kitabu chake kidogo cha neno la kila siku. Sisi ni watu wa Kanisa la Moravian, wa Rungwe, tangu wamisionari wa kwanza walipofika kule 1891, na desturi hii ya neno la siku ilianza huko Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728. Kitabu cha kwanza kuchapwa kilikuwa cha mwaka 1731. Sasa sikia jambo ambalo nilikuwa nimelipita miaka yote. Yale maneno ya Agano la Kale huchaguliwa Herrnhut mapema kwa kuokota kura, miaka mitatu hivi kabla, na dunia nzima inasoma neno moja siku hiyo, mwenye afya na mgonjwa, aliyelala nyumbani na aliyelala wodini. Si ramli ya mtu mmoja. Wala huliwindi barabarani. Unaamka, limeshatangulia kukungoja. Mama alikuwa akisoma lake kila asubuhi huku mimi niko Mafiati natafuta kunguru.

Mama mkubwa akaanza kunichukua twende naye sokoni Uyole kununua viazi. Kwa miguu. Anasalimia kila mtu, kila mtu, mpaka wapakiaji wa magunia ya lumbesa, anauliza watoto, anauliza mvua, anauliza nani kafiwa. Nilikuwa nachoka. Siku moja tumepumzika kando ya barabara, milima yote imetuzunguka, nikamwambia ile ya "Nitayainua macho yangu niitazame milima". Akasema, endelea basi, usiishie hapo, mwenye zaburi anauliza msaada utatoka wapi, na jibu si mlima.

Zaburi 121 ndiyo ninayokupa, kama bado unataka zaburi. Ni wimbo wa watu waliokuwa njiani wakipanda kwenda Yerusalemu, jua kali, miguu inateleza, usiku hawajui watalala wapi. Mistari 8 tu. Isome yote uone kama kuna mahali msafiri anaahidiwa kuonyeshwa kitu. Hakuna. Kazi yote ya macho ni ya Mlinzi: hasinzii, halali. "BWANA atakulinda utokapo na uingiapo." Utokapo na uingiapo, mdogo wangu, yaani na ndani pia, jikoni, chumbani kwa mama, kwenye benchi la kliniki. Yule msafiri anatembea kwa sababu ameshaonwa. Ndiyo kanuni yangu na sina nyingine: usitembee ili uonwe, tembea ukijua umeshaonwa, na kama huwezi kutembea siku hiyo, umeonwa vilevile.

Hata wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau, baada ya Yesu kusulubiwa, mwendo wa saa mbili, wanatembea nyuso zimekunjamana, wanasema "nasi tulikuwa tukitumaini". Tulikuwa! Tumaini limekwisha, limewekwa nyuma. Na Yesu mwenyewe yuko pembeni yao njia nzima kabla hawajamtambua. Hawakumwita. Alikaribia mwenyewe. Ningeisoma sura hiyo, Luka 24, mapema kidogo, nisingekuwa Kabwe.

Bado natembea, ndiyo. Kutembea ni kuzuri mno, sikukatazi hilo, na baada ya mwaka ulioupitia mwili wako unahitaji. Subiri kupambazuke, usiende kando ya barabara kuu na giza lile na malori yale. Usibebe daftari. Itikia salamu zote. Ukiwa na la kumlalamikia Mungu, lalamika kwa sauti, Zaburi 13 inaanza kwa "Hata lini?" na hakuna aliyemkemea mwenye kuisema. Ukiona upinde wa mvua juu ya Loleza mshukuru Mungu kwa uzuri wake, kisha urudi nyumbani. Ukikosa kuuona, rudi nyumbani vilevile, hujapungukiwa kitu.

Na siku ya kliniki ya mama, hayo ndiyo matembezi yako. Mshike mkono mwende polepole mpaka kituoni, mpumzike anapotaka, usimharakishe. Wale wa kikundi wakikupigia Jumatatu kukuuliza mnyororo, waambie dada mmoja wa Isanga amekukataza, na wakitaka ugomvi waje wagombane na mimi.

Ukikosa mtu wa kutembea naye, nitumie ujumbe. Jumamosi mimi na mama mkubwa huwa tunaelekea Uyole, tunaweza kukupitia pale Soweto. Ila mama akiamka vibaya siku hiyo usitoke, tupigie tu, tutakuletea viazi nyumbani.