Wadogo zangu wa mwaka wa pili, hesabuni elektroni

Jana jioni nimesahihisha ripoti zenu za sodiamu-22, ile inayooza kuwa neoni-22 kwa kutoa positroni (elektroni yenye chaji chanya) na mwale wa gama. Kati ya kumi na moja, saba zinasema nishati inayotoka ni 2.84 MeV (kipimo cha nishati ya viini) pale ilipotakiwa 1.82. Nawapenda, lakini hili linanichosha.

1. Tungamo ikiwa kwa u (kipimo cha tungamo za atomu), zidisha kwa 931.5 upate MeV. Mambo ya kilo na c (kasi ya mwanga) kipeo cha pili muwaachie wenye muda.

2. Msikate desimali mapema. Nishati yote mnayoitafuta imejificha kuanzia nafasi ya tatu.

3. Jedwali linatoa tungamo ya atomu, si ya kiini. Hapa ndipo nilipoumia. Nilichukua 21.994437 ya sodiamu-22, nikatoa 21.991385 ya neoni-22, nikapata 0.003052 u, yaani 2.84 MeV. Nikaondoa 1.275 ya mwale wa gama, positroni ikabaki na 1.57. Kitabu kinasema nishati yake ya juu kabisa ni 0.546. Siku tatu sikutulia. Nikacheza na volteji, nikamsumbua fundi sanifu wa maabara anibadilishie chanzo, mwishowe nikaandika kwenye ripoti kwamba ditekta, kifaa cha kupimia miale, ni mbovu. Mzee yule alikuwa anaitunza ditekta ile kama mtoto wake. Alisoma, akanyamaza, kisha akaweka kidole kwenye grafu yangu mwenyewe, juu ya kilele cha 0.511. “Zidisha mara mbili, mwanangu.”

1.022. Tofauti yangu yote.

Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, ya neoni 10. Moja imebaki nje ya hesabu, na positroni iliyotoka ina tungamo ileile. Hizo mbili lazima uzitoe. Kwenye beta hasi, kiini kinapotoa elektroni ya kawaida, elektroni zinafutana zenyewe, na mimi nilishazoea raha hiyo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kilele kile ndicho mc² ya elektroni, yaani nishati ya tungamo yake: positroni imekutana na elektroni, zote zimetoweka, imebaki miale miwili ya 0.511 kila mmoja. Mashine ilikuwa inanionyesha jibu, nami nikaiita mbovu. Nilimwomba mzee radhi siku hiyohiyo.

4. Kabla ya kulaumu kifaa, linganisha tofauti yako na 0.511 na 1.022. Sekunde tano tu.

Ripoti nazirudisha Alhamisi. Wale saba, rudieni ukurasa wa hesabu tu, alama sitakata.