Maswali yenu: kamsuli ka sikio kanavyosaidia kuseti kifaa cha usikivu

Wiki hii wengi walioniandikia ni wazazi wa watoto waliopandikizwa kifaa cha usikivu, kile ambacho waya wake mwembamba unaingizwa kwenye kokilea, ile sehemu ya kusikia iliyojikunja kama konokono ndani kabisa ya sikio, alafu sehemu nyingine inavaliwa nje. Tangu Muhimbili waanze upasuaji huu mwaka 2017 hata huku kwetu kanda ya kati tunao watoto hawa, na maswali yamefanana, kwaiyo nayajibu pamoja.

Mama wa Nkuhungu: Mwanangu ana miaka 2, bado haongei. Siku ya kuseti walimwekea kimpira kwenye sikio ambalo halikupasuliwa, wakasema wanapima msuli. Mbona sikio lingine?

Mama, hawajakosea. Kwenye sikio la kati kuna vifupa vitatu, na kile cha mwisho, ambacho ndo mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kimeshikwa na kamsuli kanaitwa stapedio. Sauti ikizidi ukubwa kamsuli kanajikaza chenyewe bila wewe kuamua, kama jicho linavyofumba upepo wa hapa Dodoma ukileta vumbi. Na kanajikaza masikio yote mawili hata kama sauti imeingia moja tu. Sasa kompyuta inatuma umeme kidogo kidogo kupitia kifaa, alafu kimpira kinachunguza upande wa pili ambao haujaguswa na upasuaji. Ukiangalia skrini utaona mstari umenyooka, umeme ukifika kiwango fulani mstari unashuka kidogo, wakipunguza haushuki tena, wakipandisha unashuka. Hapo ndo wanapopatafuta.

Kwanini wahangaike hivyo? Kwasababu mtoto wa miaka 2 hawezi kukwambia "inatosha". Kiwango cha juu, yani umeme mwingi kuliko wote ambao kifaa kitaruhusiwa kutoa, kikiwekwa chini mno anasikia nusunusu na maneno hayashiki, kikiwekwa juu mno analia, anakivua anakitupa. Pale msuli unapojibu huwa ni karibu sana na pale mtu mzima angesema sauti ni kubwa ila anaivumilia, kwaiyo wataalamu wengi wanaweka kiwango cha juu hapo au chini yake kidogo. Mimi kwa watoto wadogo nakiamini kipimo hiki kuliko kukisia kwa kuangalia sura.

Baba, Kongwa: Kinauma? Wangu alilia katikati wakaahirisha.

Hamna sindano wala dawa, ni kimpira tu na mlio mdogo. Shida ni kutulia maana kulia, kutafuna, hata kumeza kunavuruga ule mstari, kwaiyo usimpe ubuyu wala biskuti muda ule. Mwekee katuni kwenye simu bila sauti, au omba apimwe akiwa amelala usingizi wake wa kawaida. Na kama alilia kila sauti ilipopanda, mwambie mtaalamu, asiendelee kupandisha eti kwasababu msuli haujajibu.

Bibi, Kondoa: Tumesafirisha mjukuu hadi Dar tunaambiwa msuli haujajibu. Kifaa kimekufa?

Shikamoo bibi. Hapana, usilie. Mara nyingi sikio la kati lina majimaji au usaha, au ngoma imetoboka, na hapo hata kamsuli kakijikaza vizuri mashine haioni kitu. Wapo pia ambao masikio ni mazima na kifaa kinafanya kazi ila msuli hauonekani tu. Hao wanasetiwa kwa njia nyingine: kifaa chenyewe kinaweza kupima mshipa wa fahamu unavyojibu, japo hiyo haioneshi kiwango cha juu vizuri sana, na mtoto akikua kidogo anafundishwa kudondosha kizibo cha soda kwenye kopo kila akisikia mlio. Ila naomba sana, kabla ya safari nyingine aangaliwe masikio hapo hapo karibu, mafua na usaha vitibiwe kwanza. Na mafuta ya moto au maziwa ya mama sikioni hapana kabisa bibi yangu.

Kijana, Area C: Mimi nilipoteza usikivu ukubwani na naongea vizuri, nipimwe msuli wa nini?

Unaweza kujieleza, ni kweli, ila waya una vituo vingi vya kutolea umeme, 12 hadi 22 kutegemea kampuni, na kulinganisha ukubwa wa sauti kwa kila kimoja kunachosha. Msuli unawapa pa kuanzia, wewe unamalizia kwa mdomo wako.

Mama, Manyoni: Wakishapima hivi ndo tumemaliza?

Hapana mama, miezi ya mwanzo viwango vinabadilika, lazima mrudi. Na msuli unasema sauti imekuwa kubwa, hausemi mtoto ameelewa. Kwaiyo nunua daftari, andika kila anachogeukia, adhana, bati likigongwa, jina lake ukimwita kwa nyuma, na sauti ipi inamshtua mpaka anavua kifaa, alafu siku ya kliniki mpe mtaalamu asome kabla hajagusa kompyuta.