Tiba kwa vitendo na fiziotherapia si kitu kimoja
Mdogo wangu, umeuliza kama tiba kwa vitendo (occupational therapy, ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku) ni fiziotherapia tu kwa jina jingine, na kama utaimudu wakati anatomia, somo la maungo ya mwili, inakutisha. Hapana, ni fani mbili. Wa fiziotherapia atahangaika na bega lipate nguvu. Wewe utajiuliza mama aliyepata kiharusi atafungaje blauzi kwa mkono mmoja. Nimewahi kukaa nusu saa na kifungo kimoja, mikono nimeikunja ili nisimsaidie mgonjwa, ajifunze mwenyewe. Wengi hushindwa hapo, wala si kwenye anatomia (hiyo isome huku ukijipapasa mkono wako, itakaa). Shirikisho la dunia la fani hii linataka angalau saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo, kwa hiyo kabla ya kulipa ada, uliza chuo kinawapeleka wapi wanafunzi wake kwa mafunzo hayo.