Mumbai hadi Chennai: saa mbili za angani zisikudanganye

Usilipie hiyo tiketi ya pili, mkuu. Umeuliza ni umbali gani kutoka Mumbai hadi Chennai, ndege hutumia saa ngapi, wapi pa kubadilishia fedha na nyumba zipi za kulala zilizo karibu na hospitali, kisha ukagusia, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba utatua Mumbai na mgonjwa na kuunganisha ndege ya ndani baada ya saa mbili na nusu, kwa tiketi mbili tofauti.

Umbali ni takriban kilomita 1,030 kwa anga, na ndege huchukua kama saa mbili. Takwimu hizo ni sahihi na hazitakusaidia kitu.

Wakala aliyenikatia tiketi nilipompeleka mjomba kutibiwa Chennai, ambaye naamini hajawahi kuvuka Kibaha, alitazama saa ya kutua na saa ya kuruka, akasema muda unatosha, akapokea kamisheni yake. Hakusema kwamba anayeingia India kupitia Mumbai humaliza uhamiaji na forodha palepale, na mizigo yake huichukua mwenyewe kwenye mkanda, hata kama anaendelea mbele. Hakusema pia kwamba ndege yetu ya kimataifa ingetua Jengo la 2, ilhali ile ya ndani, ya bei nafuu, iliondokea Jengo la 1, upande mwingine wa uwanja, ambako huendi kwa miguu bali unatoka nje, unatafuta gari na kukaa foleni barabarani. Mlangoni askari hukagua tiketi na pasipoti kabla hujaingia. Tiketi yetu ilikuwa kwenye simu iliyoishiwa chaji, nikabaki kujieleza kwa ishara huku mjomba ameketi juu ya sanduku, amekumbatia bahasha ya picha zake za eksirei. Tulipofika kaunta, ilikuwa imeshafungwa.

Shirika la kwanza likasema limeshatufikisha, la pili likasema hatukutokea, na yote mawili yalikuwa na haki, kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili. Nikanunua nyingine kwa bei ya siku ileile, na miadi ya daktari ikapita. Mizigo nayo ilizidi, maana ndege nyingi za ndani za India huruhusu kilo 15 tu katika daraja la kawaida. Nikalipia unga wa sembe, ambao mjomba alikataa katakata kuuacha, kwa bei ya mbuzi.

Kwa hiyo Dar es Salaam hadi Chennai iwe tiketi moja, ili ukichelewa, kazi ya kukutafutia ndege nyingine iwe ya shirika. Ikishindikana, lala Mumbai usiku mmoja, na uhakikishe ni kiwanja kipi, kwa sababu Oktoba 2025 kilizinduliwa kingine Navi Mumbai. Tena Chennai ina kiwanja chake cha kimataifa, na ndege kutoka Dubai, Doha na Muscat hutua huko moja kwa moja bila kugusa Mumbai. Muulize wakala wako kwa nini hakukutajia hilo.